Mizinga ya Tanga

Kila taifa lina vita vyake vya heshima na vita vyake vya kicheko, na mara nyingine vita hivyo ni vile vile, ila wasimuliaji ndio mbalimbali. Wamarekani katika mapinduzi yao wana vita vya Bunker Hill vya mwaka 1775, ambavyo kwa sehemu kubwa vilipiganwa juu ya kilima kingine kiitwacho Breed's Hill. Waingereza walikitwaa kilima, wakapoteza zaidi ya watu 1,000 waliouawa na kujeruhiwa, na walioshindwa ndio wanaoadhimisha siku ile mpaka leo. Tanganyika haikukosa fungu lake katika mambo ya namna hiyo. Fungu hilo ni vita vya Tanga vya tarehe 2 hadi 5 Novemba, 1914, ambavyo watu wengi huviita vita vya nyuki.

Bariadi ni mbali na Tanga. Mji huu, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, umekaa katika nyanda za Usukuma, kati ya mbuga za Serengeti na Ziwa Viktoria, na mtoto wa huko aweza kukua mpaka akaota ndevu bila kuonja maji ya chumvi. Manowari kwake ni neno la kitabuni. Lakini nyuki anawafahamu. Amepata kuona mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, amepata kukimbia, na pengine amepata kusimama mbele ya mama yake jicho moja limefumba kwa uvimbe, akaulizwa nani aliyemtuma. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa historia wa huko, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakisinzia kila walipofika katika Vita Kuu ya Kwanza, aligundua kwamba habari za wafalme wa Ulaya haziamshi mtu, bali habari za nyuki huamsha hata walio katika darasa la pili.

Alianza daima kwa neno moja: mzinga. Kiswahili, kwa hekima yake au kwa utani wake, kimeita kwa jina hilo hilo bomba la chuma litupalo risasi kubwa na gogo lililotobolewa wakaamo nyuki. Vyote viwili ni vitu vyenye tumbo wazi na mdomo, na kilichomo kikitoka kwa hasira haifai mtu kuwa karibu. Waingereza walikuja Tanga na mizinga yao, naye mwenyeji wa Tanga alikuwa na mizinga yake. Vita, alisema mwalimu, vilikuwa ni kupima ipi iliyo bora.

Habari yenyewe ni hii. Jeshi lililotumwa kutoka Bara Hindi lilikuwa na watu wapatao 8,000, chini ya Jemadari Arthur Aitken. Wengi walikuwa askari wa Kihindi, pamoja na kikosi cha Waingereza kutoka Lancashire. Walisafiri baharini zaidi ya majuma mawili, wamebanana merikebuni katika joto na kichefuchefu, na wengi wao hawakupata mazoezi ya kutosha wala hawakuwajua maofisa wao. Jemadari alionywa kwamba askari Waafrika wa Mdachi si watu wa kudharauliwa. Onyo hilo halikumnyima usingizi. Aliamini kwamba kazi itakwisha upesi.

Tarehe 2 Novemba manowari iitwayo Fox ilitokea mbele ya bandari. Nahodha wake, Caulfeild, hakufyatua hata risasi moja. Alishuka kwa adabu zote kumwarifu Bwana Shauri wa Tanga, Auracher, kwamba mapatano ya kutopigana bandarini hapo yamevunjika, na kwamba mji sharti usalimishwe, tena upesi. Kisha akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu ya baharini. Hapo wanafunzi wa Bariadi huanza kucheka wenyewe bila ya kuongozwa, maana kila mmoja wao ajua kwamba mwizi wa mahindi hamwulizi mwenye shamba kama mbwa amefungwa. Bwana Shauri hakumpa jibu la kumtuliza. Aliomba nafasi ya kushauriana na wakubwa wake, akaenda zake. Akapeleka habari kwa simu kumwita Kanali Paul von Lettow-Vorbeck aliyekuwa upande wa Moshi, kisha akavaa sare zake za kijeshi. Waingereza nao wakapoteza saa nyingi za thamani wakifagia bahari watafute mabomu. Hawakupata hata moja.

Wakati wao wanafagia bahari, gari moshi lilikuwa linateremka kutoka Moshi likiwa limejaa askari. Waingereza walianza kushuka usiku upande wa Ras Kasone, mahali penye mwinuko na vichaka, na kikosi cha kwanza kilichojaribu kuingia mjini tarehe 3 kilirudishwa nyuma kwa hasara. Usiku wa kuamkia tarehe 4, Lettow-Vorbeck alifika, akatwaa baiskeli, akaingia mjini katika mbalamwezi. Mji ulikuwa mtupu. Alipita barabara kwa barabara, akafika karibu na maji, akatazama merikebu za adui zilizowashwa taa kana kwamba kuna harusi, akapanda baiskeli yake akarudi. Wale watu 8,000 walikuwa wamelala karibu na mji usio na mlinzi, na aliyeukagua kwa niaba yao alikuwa adui yao.

Mchana wa tarehe 4 jeshi lilisonga mbele katika jua kali, kupitia vichaka na mashamba ya miti. Ulinzi wote wa Wadachi ulikuwa kiasi cha watu 1,000, na walio wengi kati ya hao ni askari Waafrika. Baadhi yao walikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zilizotoa moshi mwingi kila zilipolia, hata adui alijua pasipo shaka mahali pa kulenga. Betri ya mizinga ya milimani ya Waingereza haikushushwa pwani. Ilibaki merikebuni ikapiga kutoka huko. Na mizinga ya manowari Fox, ambayo haikuweza kuona vizuri kilichopo nyuma ya miti, iliipiga hospitali.

Basi mizinga ya chuma ilikuwa baharini. Mizinga ya magogo ilikuwa mitini, mbele kabisa, katika mstari wa moto. Risasi zilipoipasua, wenyewe wakatoka.

Mfugaji yeyote wa nyuki katika Simiyu aweza kueleza yaliyofuata bila ya kufika Tanga. Nyuki akichoma huacha mwiba wake mwilini mwa mtu, naye hufa. Lakini harufu itokayo penye mwiba huwaita wenzake, na hao wakichoma huwaita wengine. Anayekimbia na kupunga mikono huwa amejitambulisha. Moshi wa mrina asali ni wa polepole na humtuliza nyuki. Moshi wa baruti haukupata sifa hiyo. Vikosi vya Kihindi ambavyo tayari vilikuwa vimeyumba kwa risasi za bombomu vilifunikwa na wingu la wadudu, vikakimbia kuelekea pwani. Wala Mdachi hakupendelewa. Lettow-Vorbeck mwenyewe alieleza baadaye kwamba nyuki waliwavamia watu wake pia, hata baadhi ya bombomu zikanyamaza. Yalizuka maneno kati ya Waingereza kwamba Wadachi walitega nyuki kwa kamba, ili atakayejikwaa afungulie mizinga. Mwalimu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akawauliza wanafunzi ni Mdachi gani angeweza kuwaamuru nyuki wa Kiafrika wangojee ishara.

Mwisho wa mambo hayo ndio unaostahili kuwekwa katika ngano. Ilipoingia jioni Waingereza walikuwa wanarudi pwani. Lettow-Vorbeck alitaka kuwafuatia, lakini tarumbeta ilipigwa ikafahamika visivyo, na kampuni zake zikaondoka mjini zikarejea katika kambi ya zamani, upande wa magharibi. Kwa saa kadhaa za usiku ule majeshi yote mawili yalikuwa yamegeuziana migongo, kila moja likienda zake, na Tanga katikati ikabaki haina mwenyewe. Asubuhi, tarehe 5, Waingereza walipanda merikebu wakaacha nyuma bunduki mamia, bombomu, simu za vitani, na risasi zipatazo 600,000. Ofisa wao, Meinertzhagen, alikwenda mjini na bendera nyeupe na barua ya kuomba radhi kwa hospitali iliyopigwa. Na kwa masimulizi yake mwenyewe, alikaribishwa chakula.

Nani aliyeshinda? Vitabu husema Lettow-Vorbeck, na kwa hesabu ya vitabu ni kweli. Lakini Usukuma una sheria yake ya kuamua mashindano, iliyo ya zamani kuliko vita vile. Tangu karne ya 19 vyama vya ngoma vya Usukuma vimegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, vikiwafuata waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi, makundi mawili huwekwa uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, dawa zake na vituko vyake, yacheze kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji wako huru kwenda huku au kule, na kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Aliyeachwa peke yake na ngoma zake amekwisha hukumiwa.

Ipimwe Tanga kwa kipimo hicho. Jioni ya tarehe 4 Novemba kundi la kwanza lilikimbilia baharini, likaacha ngoma zake mchangani. Kundi la pili likasikia vibaya tarumbeta yake lenyewe, likaenda kulala. Uwanjani walibaki nyuki peke yao. Na kwa kuwa hakuna kitu katika siku ile kilichovuta watu wengi kwa nguvu kuliko wao, ijapokuwa walivutwa kwa kwenda upande mwingine, hukumu ya Bariadi ni kwamba ushindi ni wao. Hukumu hii ilipendeza sana darasani, na mwalimu akairudia kila mwaka.

Mwaka mmoja msichana aliyeketi karibu na dirisha, binti wa mtu mwenye mizinga, hakucheka pamoja na wenziwe. Aliinua mkono akauliza: "Shikamoo, mwalimu. Ile mizinga ilikuwa ya nani?"

Mwalimu aliitikia salamu. Swali hakuliitikia. Alitafuta katika alichokisoma, akakuta jina la jemadari, jina la nahodha, jina la Bwana Shauri, jina la manowari. Alikuta hata habari za baiskeli. Mtu aliyetoboa magogo yale, akayapandisha mitini kwa kamba, akangoja msimu wa maua apate asali ya kuuza au ya kumpa mgonjwa wake, hakuwamo katika masimulizi yale mashuhuri. Huenda alikuwa Mdigo, huenda Mbondei. Huenda alikimbia na wanawe usiku ule mji ulipokuwa mtupu, maana mji hauwi mtupu wenyewe: una watu, nao wamekwenda mahali. Mahali hapo hapakutajwa. Katika viunga vya Tanga wakati ule, Vibambani, alikuwako mtoto ambaye hakutimiza bado miaka 6, jina lake Shaaban Robert. Yeye alikuja kuandika vitabu, naye dunia ikamjua. Watoto wengine wa umri wake waliosikia mizinga ikilia hawakuandikwa wala hawakuandika.

Swali la msichana ni kama uzi wa nguo: ukiuvuta, mengi hufumuka. Mizinga ilikuwa ya nani? Askari wale walikuwa wa nani? Majeshi ya Mdachi yaliandikisha watu wengi kutoka Unyamwezi na Usukuma, na ndugu za watu wa Simiyu wamo katika hesabu ya wale walioshika bunduki zenye moshi. Walipigana kwa ushupavu. Hilo hata adui hakulikana. Lakini walipigana chini ya serikali iliyokuwa imeizima vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 kwa risasi na kwa njaa. Na Mhindi aliyeanguka mbele yao naye alikuwa raia wa kutawaliwa, aliyeletwa kwa merikebu kuja kufa katika nchi ambayo hakuwa na ugomvi nayo. Waingereza na Wahindi walipata hasara ya watu zaidi ya 800, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea. Upande wa Wadachi hawakufika 200. Waliokufa kwa nyuki si wao. Walikufa kwa risasi.

Hapo ndipo kicheko cha nyuki kinapoonyesha kazi yake ya pili. Jeshi la watu 8,000 limeshindwa na watu 1,000, na wengi wa hao ni Waafrika. Kwa mabwana wa zama zile ilikuwa rahisi zaidi kukiri kwamba wameumwa na wadudu kuliko kukiri kwamba wameshindwa na watu weusi. Nyuki walikuwa udhuru mzuri: hawana rangi, hawadai mshahara, wala hawataomba uhuru baadaye. Jemadari Aitken alishushwa cheo akawa kanali, na nyuki wakapandishwa cheo wakawa mashujaa. Askari alibaki pale pale.

Tena kicheko cha siku nne kilileta kilio cha miaka minne. Bunduki na risasi zilizoachwa pwani zilimsaidia Lettow-Vorbeck kuendelea na vita mpaka Novemba 1918. Mwanza ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1916, na Usukuma, uliokuwa umekwisha kutoa watu kwa Mdachi, sasa ukatoa watu kwa Mwingereza. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwako. Mpagazi alibeba chakula cha askari na mara nyingi akakosa chake. Walikufa maelfu kwa maelfu, kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa na kwa baridi ya milimani, mbali na mahali popote penye jina la vita. Kariakoo ya Dar es Salaam imelirithi jina la jeshi hilo la wapagazi, na leo mtu huenda huko kununua vitunguu bila ya kukumbuka nani aliyelala hapo.

Katika ukoo wa mwalimu yule alikuwako mmoja wao. Alitoka karibu na Bariadi katika msafara wa watu waliofungwa mizigo, mkewe akamsindikiza mpaka mtoni, na habari zake zikaishia hapo. Hakuna kaburi. Mwalimu aliyajua hayo tangu utoto wake, ila hakupata kuyaweka katika somo moja na nyuki. Aliyafikiri kuwa ni mambo mawili, moja la kitabuni na moja la nyumbani. Mtoto wa mfuga nyuki ndiye aliyeyaunganisha, kwa kuuliza jambo ambalo kila mwenye mali huuliza.

Je, basi, yafaa kuacha kucheka? Watu wa Usukuma hawatakubali, na wana hoja. Wao ni watu wa utani. Wapagazi wa Usukuma na Unyamwezi, waliokuwa wakipita njia za misafara hata pwani, waliueneza utani wa makabila popote walipolala, na aghalabu utani huo ulikuwa kati ya watu waliopata kupigana zamani. Mtani huja msibani akamcheka maiti. Humwiga alivyotembea, humdai deni ambalo hakukopa, huzuia jeneza mpaka apewe kitu. Mgeni asiyejua desturi hushangaa. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyekuja mapema kuliko jamaa wengine, ndiye anayeshika jembe, ndiye anayechota maji. Ruhusa ya kucheka amepewa kwa sababu kazi ya mazishi haikumshinda. Anayecheka kutoka ng'ambo ya barabara, kisha akaenda zake, huyo si mtani. Ni mtu asiye na adabu.

Vita vya Tanga navyo ni hivyo. Vina vichekesho vya kutosha karne nzima, na mwalimu hakuviondoa katika somo lake. Nahodha bado huuliza swali lake la mabomu, Kanali bado hupanda baiskeli, na tarumbeta bado hulia vibaya. Lakini baada ya swali la msichana yule, somo lilipata nusu ya pili. Kila mwanafunzi hutumwa nyumbani akaulize kama katika ukoo wake alikuwako mtu aliyechukuliwa kubeba mzigo au bunduki katika vita vya Wadachi, na jina lake lilikuwa nani. Wengine hurudi mikono mitupu. Wengine hurudi na jina moja, na majina hayo huandikwa katika daftari ambalo halina mapambo yoyote, kwa wino wa kawaida, moja chini ya jingine.

Na kwa swali lenyewe la mizinga, jibu lililopatikana ni nusu tu. Katika uwanja ule Mwingereza alipigania ufalme wake ulio mbali, na Mdachi vivyo hivyo. Mhindi na Mwafrika walipigania mishahara na amri za wengine. Nyuki peke yao ndio waliopigana kwa ajili ya nyumba yao, kwa sababu ilikuwa imepasuliwa. Hayo msichana aliyakubali. Ila alisema kwamba nyuki wana nyumba, na nyumba ina mtu aliyeijenga, na huyo bado hajalipwa.

Mwalimu aliacha mstari mmoja mtupu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa ajili yake.